Pengo Kwenye Ncha ya Koleo

Kaka yangu mpendwa,

Salamu hizi zikukute umeketi, maana barua ni ndefu na wewe una tabia ya kusoma umesimama mlangoni kama mtu anayesubiriwa na gari. Vuta kiti. Mwambie wifi akuletee miwani, ile uliyoikalia mwaka jana ukaifunga kwa uzi. U mzima lakini? Mgongo umetulia? Wifi hajambo, na watoto? Waambie shangazi yao anawakumbuka, na kwamba yule aliyeniahidi picha ya mahafali bado ninamdai.

Sisi huku wazima kabisa. Cherehani yangu inazunguka, wateja wanalalamika na bado wanarudi. Mume wangu bado anakoroma na bado anakana. Baba naye yupo, tena yupo kweli kweli, si kama ulivyomwacha mara ya mwisho ulipopita kutusalimu. Habari zake ndizo zitakazojaza kurasa hizi.

Shuleni tulifundishwa kutaja dhumuni la barua mara tu baada ya salamu. Ninalo dhumuni, lakini linaniogopesha, na wewe nakujua: nikilitanguliza hutasoma mengine. Basi twende pole pole, na tafadhali usirukie ukurasa wa mwisho.

Unakumbuka Baba alivyokuwa alipohamia kwangu, baada ya nyumba yetu ya zamani kuuzwa. Alikaa barazani akihesabu nzi. Mtu aliyefungua na kufunga saa za watu kwa miaka hamsini hawezi kukaa bure. Saa yangu ya ukutani aliifungua mara tatu, na mara zote tatu ilikuwa nzima. Siku moja nikakuta ameanza kuitazama cherehani yangu kwa jicho la kutaka kuisaidia, nikaona hapa sasa maisha yangu yako hatarini.

Kumbe alikuwa na lake moyoni. Asubuhi moja aliniomba karatasi ngumu ninayokatia mitindo, akaomba na chaki yangu, akachora mistari huku akipima kwa vidole. Nikamuuliza anachora nini. Akasema anaichora nyumba yetu. Anataka kuiunda upya, ndogo, ya kukaa mezani, na kila kitu kiwe mahali pake: chumba cha mbele alichotengenezea saa, madirisha yenye nondo saba saba, kamba ya marehemu Mama ya kuanikia nguo, hata lile bomba la maji lililokuwa likidondoka mchana kutwa. Mlango wa mbele uwe na urefu wa kidole chake cha shahada, na vingine vyote vifuate kipimo hicho.

Kaka, nilicheka. Kisha nikaona hatanii. Jicho lake la kulia limeshaingia ukungu, na daktari alituambia kwamba la kushoto nalo linafuata, pole pole, lakini linafuata. Baba hakulia wala hakulalamika. Alisema tu kwamba anataka nyumba iishe wakati bado anaona tofauti ya mlango na dirisha. Tangu siku hiyo mimi ndiye jicho lake, na yeye ndiye akili yangu.

Lile kopo la biskuti lililokuwa na vifaa vyake vidogo tulilifungua siku ya kwanza. Karibu vyote vilikuwa vimeliwa na kutu. Miongoni mwavyo lilikuwemo koleo dogo la kukatia waya, lile lenye mipini iliyofungwa ngozi. Baba alilishika, akapitisha kidole gumba juu yake, akaliweka pembeni. Mimi nikajitia kufuta kutu kwenye vifaa vingine.

Basi kwa kujifanya mjuzi nikaenda kwa mchuuzi wa kando ya barabara, nikanunua kimfuko cha zipu chenye vifaa kumi na viwili. Vilikuwa vinang'aa mpaka nikaona haya kuvigusa. Baba alivipokea kwa adabu, akavishika kimoja kimoja, akavirudisha vyote, kisha akaniuliza kama mchuuzi yule ni ndugu yetu. Nikasema hapana. Akasema, basi hatuna sababu ya kumstahi.

Alinionyesha mwenyewe. Kibano, ukikibana kwa nguvu, ncha zake zilipishana kama watu walionuniana. Tupa ilipita juu ya waya wa shaba mara nne, ikapoteza meno kabla shaba haijapoteza chochote. Bisibisi ilijipinda kwenye skrubu ya kwanza. Koleo nalo halikukata waya, liliutafuna. Alisema neno ambalo nililisikia wakati ule kwa sikio moja, na baadaye likanirudia kwa yote mawili. Alisema kifaa kibaya hakiharibu kazi peke yake, humharibu na mtu, kwa sababu mtu huanza kudhani mikono yake ndiyo mibovu.

Tukauliza huku na huku, tukaelekezwa kwa mwanamke mmoja anayeitwa na watu wote Mama Skrubu. Duka lake limebanwa kati ya fundi viatu na mtu wa fotokopi, jembamba kiasi kwamba wateja wawili wakikutana lazima mmoja arudi nyuma. Yeye mwenyewe ni mwembamba wa mwili na mnene wa sauti. Chini ya kaunta ana droo ya vipande vya waya, vibanzi vya mbao na makaratasi, kwa ajili ya wateja kujaribia. Anasema muuzaji anayekukataza kujaribu anakuficha kitu. Baba alipoiona droo ile alivua kofia, nami nikajua tutashinda pale mpaka adhuhuri.

Laiti ungemwona. Macho hayana nguvu, lakini mikono na masikio viko kazini. Kila koleo alilifumba na kunipa nilielekeze kwenye mwanga wa mlango. Nikiona mwanga unapenya kwenye ncha, lilirudi kwenye rafu. Halafu alilifungua na kulitikisa mipini karibu na sikio, asikie kama kiungo kinacheza. Halafu alikata karatasi nyembamba kwa ncha peke yake. Lililoacha hata uzi mmoja wa karatasi, lilirudi. Kibano alikijaribu kwa kushika unywele wa mkono wangu na kuuvuta, na mimi nikawa napiga kelele dukani kama mtoto anayechomwa sindano. Tupa aliipitisha kwenye ukucha akasikiliza mlio wake. Watu wa fotokopi waliacha kazi zao wakaja kutazama.

Mama Skrubu alitaka tuchukue seti nzima, Baba akakataa. Alisema anayeanza anahitaji vichache: koleo moja la kukatia, kibano kimoja, tupa mbili, na kisu chembamba cha kubadilisha wembe. Vitano vinavyosikia, alisema, ni bora kuliko kumi na viwili viziwi. Tena kila kimoja alinitaka nikishike mimi, nikifungue na kukifunga mpaka vidole vichoke, kwa sababu mimi ndiye nitakayevitumia, na koleo halichaguliwi na mkono wa mwingine. Koleo alilolipenda yeye zaidi lilikuwa kubwa kwangu. Akaliacha kwa masikitiko.

Hapo ndipo Mama Skrubu alipouliza lile la zamani liliharibika vipi, maana Baba alikuwa amekuja nalo mfukoni ili alinganishe. Na Baba akasimulia. Ile hadithi, kaka. Unaijua, lakini hujawahi kuisikia anavyowasimulia watu baki, kwa hiyo nitakuandikia kama alivyoisema.

Alisema koleo lile alipewa na fundi aliyemfundisha kazi, siku alipomaliza kufundishwa. Lilikuwa la kukatia shaba laini tu, na nyumbani kila mtu aliambiwa hivyo. Meza yake haikuguswa na mtu isipokuwa kifungua mimba wake, kijana wa miaka kumi na mitatu, ambaye siku hizo alikuwa anaunda basi la waya pembeni ya meza, na alikuwa na mkono mwepesi ajabu. Basi jioni moja alirudi kutoka mjini, akakata waya, akahisi makali yamekwama kidogo. Akatazama waya, akaona mahali ulipokatwa pana kinundu. Akatazama koleo, akaona pengo dogo kama jino la panya. Mtu alikuwa amelikatia chuma kigumu, na sakafuni kulikuwa na kipande cha spoki ya baiskeli. Akamwita mwanawe akamuuliza. Mwana akainama, hakujibu. Asiyejibu amekubali. Akamwambia, "Mikono yako ni ya magunia, si ya saa. Ondoka mezani kwangu." Kijana akaondoka, na hakurudi mezani tena, miaka arobaini na moja sasa.

Baba alimalizia kwa kucheka. Akasema, na kweli akaenda kwenye magunia, yuko boharini mpaka leo. Mama Skrubu naye akacheka, na sikumlaumu, maana Baba anajua kusimulia. Mimi nilitoka nje nikawa natazama viatu vya watu kwa yule fundi viatu kama ninayetaka kununua.

Tulirudi nyumbani na vifaa vyetu vitano, na kazi ikaanza. Kaka, sitaki nikufiche furaha yangu, ingawa ndiyo iliyonichoma. Mwaka huu nimefurahi. Kila siku baada ya chakula cha mchana tunavuta meza hadi dirishani. Mimi nakata, Baba anapima kwa ukucha na kunikosoa. Mlango wangu wa kwanza ulining'inia upande kama mlevi, tukacheka mpaka chai ikapoa. Nondo za madirisha nimezikata mia moja na kumi na mbili, na sasa nikikata waya najua kwa sauti kama umekatika vizuri. Nimeshaezeka paa. Nimeshatundika kamba ya Mama na vijishuka vitatu nilivyovikunja pindo kwa sindano nyembamba kuliko zote nilizonazo. Baba husema mkono wangu si mbaya. Hajawahi kusema ni mzuri. Mzuri, anasema, aliuona mara moja tu.

Nilikuwa nikilala vizuri na kuamka vizuri, lakini kila nikiketi mezani nilihisi nimekalia kiti cha mtu. Na wifi, bila kujua, alinitia chumvi kidondani. Aliniambia kwenye simu, kwa kukutania, kwamba wewe hata skrubu ya mpini wa sufuria ikilegea unamwita fundi. Ati husema mikono yako haikuumbiwa vitu vidogo. Nilicheka kumridhisha, kisha nikakata simu nikakaa kitandani.

Sasa nikwambie la mkasi, ndipo tutafika. Unajua sheria yangu: mkasi wa kitambaa haukati karatasi. Mgeni akiingia nyumbani kwangu huonyeshwa choo kilipo, kisha huonyeshwa mkasi asioruhusiwa kuugusa. Wiki tatu zilizopita niliukunjua nikate hariri ya mteja, hariri ikavutika nyuzi. Nikautazama, makali yamekwaruzika kama yamelamba mchanga. Nilipandisha sauti, kaka, mpaka jirani akazima redio ili asikie vizuri. Nikamhukumu kila mtu aliyepita nyumbani mwezi ule.

Mume wangu akatoka chumbani akasema, "Ni mimi. Nilimkatia Baba msasa, nilikuwa na haraka. Nisamehe."

Basi. Hakujitetea, hakusingizia mtu. Neno lilimtoka kwa pumzi moja kisha akaenda kuvaa viatu aupeleke mkasi kunolewa. Mimi nilibaki nimesimama na hariri mkononi, hasira imenikauka. Mume wangu anaweza kusema kwa pumzi moja kile ambacho mimi nimeshindwa kukisema kwa miaka arobaini na moja.

Kaka, ni mimi niliyekata spoki.

Nilikuwa na miaka tisa. Nilikuwa na ile nyumba yangu ya boksi la viatu, nikataka mapazia yake yaning'inie kwenye vyuma kama ya kweli. Baba alikuwa mjini, Mama alikuwa uani anafua, na wewe ulikuwa umetumwa maji. Nililichukua koleo mezani. Spoki ilikataa kukatika kwa mikono yangu, nikaweka mpini mmoja wa koleo sakafuni, mwingine nikaukanyaga kwa kisigino. Ikakatika kwa kishindo. Nilikata vipande vinne, nikarudisha koleo mahali pake, na sikujua kabisa kuwa nimefanya kosa mpaka jioni Baba alipokuita. Nilikuwa nyuma ya mlango. Nilisikia kila neno. Nilisikia na lile la magunia. Nilitaka kutoka nikaseme, nikaogopa, nikajiambia nitasema kesho. Kesho ile ndiyo leo.

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Sikutaka kuumbuliwa na kifo, changu wala cha Baba. Kwa hiyo Jumapili iliyopita, asubuhi, tulipomaliza chai, nililitoa koleo la zamani kwenye kopo nikaliweka mbele yake, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia.

Hakuniamini. Alitabasamu akasema mimi na moyo wangu, nilikuwa nakutetea wewe tangu utotoni. Nilimwapia, akazidi kutabasamu. Ikabidi nimwambie achukue koleo, atafute pengo liko wapi kwenye makali. Akapitisha ukucha, taratibu. Akasema liko kwenye ncha, mwishoni kabisa. Ndipo nikamuuliza yeye alikufundisha vipi kukata waya mgumu.

Ukucha wake ukasimama pale pale. Wewe unajua kwa nini. Kitu cha kwanza anachomfundisha mtu, hata mimi alinifundisha hivyo siku ya kwanza, ni kwamba ncha ni ya kazi laini, na waya mgumu huingizwa ndani, karibu na kiungo, kwenye nguvu. Mtu aliyefundishwa na Baba asingeweza kukata spoki kwa ncha, hata angekuwa amelala usingizi. Hilo lilikuwa kosa la mtu asiyejua kushika koleo. Alikuwa na ushahidi mkononi muda wote ule. Aliliona pengo, hakuangalia liko wapi.

Aliupitisha ukucha pale mara nyingi, sijui mara ngapi. Kisha akaniuliza unafanya kazi gani, ingawa anajua. Nikasema wewe ni msimamizi wa bohari. Akauliza kama ulianza kwa kubeba. Nikasema ndiyo, miaka minane ulibeba. Akauliza kama ndipo mgongo wako ulipoharibikia. Nikasema ndiyo, Baba. Akavua miwani akafunika uso kwa mikono yake miwili, na mimi nikalia mpaka mume wangu akaja na taulo badala ya leso.

Hakunigombeza. Ningefurahi angenigombeza. Alisema tu kwamba mimi nilikuwa mtoto, na mtoto huogopa. Yeye alikuwa mtu mzima na fundi, akasoma kinundu cha waya asisome uso wa mwanawe. Akasema maneno aliyoyatamka siku ile aliyatamka kwa hasira ya dakika moja, nawe ukaishi nayo.

Kaka, kuna jambo moja nataka kukuuliza, na naomba unijibu kweli. Wewe hukuwa mjinga. Uliliona lile koleo mkononi mwa Baba, na ulijua kuhusu ncha kuliko mtu yeyote nyumbani. Neno moja tu lingekuokoa. Na asubuhi ya pili yake nilikuta vile vyuma vyangu vya mapazia vimesuguliwa miisho kwa tupa, laini kabisa, visinichome vidole. Mama hakujua kushika tupa. Baba angekuwa amevitupa. Nilinyamaza na hilo pia, maana kuuliza kungekuwa kukiri. Sasa nauliza. Ulijua, siyo? Uliinama kwa ajili yangu.

Najua utaniandikia kuwa yaliyopita si ndwele. Kwako huenda si ndwele, kwangu imekuwa. Nisamehe, kaka. Sina neno lingine zuri kuliko hilo la mume wangu: ni mimi, nisamehe.

Sasa nikumalizie habari, maana mambo hayakuishia kwenye machozi. Jumatatu asubuhi Baba alivaa kofia akaniambia twende kwa Mama Skrubu. Kwanza alimwambia kwamba ile hadithi aliyoisimulia dukani pale haikuwa kweli, akaisimulia upya mbele ya watu wa fotokopi, mara hii ikiwa na jina langu ndani yake. Niliona haya, lakini nilistahili. Kisha akaomba lile koleo kubwa alilolipenda siku ile. Akalifungua, akalifunga, akalisikiliza. Akageuka akaniuliza mikono yako ina ukubwa gani.

Nikasema ni mikubwa. Akauliza mikubwa kama ya nani. Vidole virefu au vifupi? Kidole gumba kinapinda nyuma kama zamani? Mimi nashona nguo za watu, kaka, nakujua mabega, nakujua kiuno na vile kinavyoongezeka, lakini mikono yako sikuweza kuieleza. Baba akasema pale pale dukani, kwa sauti ya kawaida, kwamba anaujua mkono wako wa miaka kumi na mitatu na hajui ulikua ukafika wapi. Mama Skrubu akainuka akaenda kwenye rafu. Akayaweka pembeni makoleo mawili, kubwa na la wastani, akaandika juu ya kikaratasi kwamba yana mwenyewe.

Baba amekataa kukuchagulia. Hukumbuki? Koleo halichaguliwi na mkono wa mwingine. Nyumba ya mezani nayo iko karibu kwisha, imebaki uwanja. Pale karibu na bomba, palipokuwa na lile basi lako la waya lisilo na magurudumu, ameacha nafasi yenye ukubwa wa kiberiti. Nilijitolea kuliunda mimi. Aliniambia hiyo kazi ina mtu wake, niendelee na mapazia yangu.

Likizo yako najua ni mwezi ujao. Chumba kipo, kitanda nimekinunulia godoro gumu kwa ajili ya mgongo wako. Mume wangu anakusalimu sana, anasema shemeji akija yeye ataacha kukoroma, nami nimemwambia asiahidi asichokiweza. Msalimie wifi, na umwambie nilimficha jambo hili hata yeye, nitamwomba radhi uso kwa uso. Wabusu watoto wote, na yule wa mahafali mara mbili.

Baba nilimwomba aongeze maneno yake hapa chini. Akasema barua si saa, hajui pa kuifungulia. Badala yake aligeuza ukurasa huu, akaweka kiganja chake juu ya karatasi, akaniambia nizungushe kalamu. Nimezungusha polepole, kwenye kila kidole, naye hakutikisika. Amesema uweke mkono wako juu ya wake, uone umefika wapi, kisha uje nao.

Mdogo wako mwenye makosa yake,
Sisimizi